Kwenda Kampala na Baba Mkwe

Habari za ugonjwa wa mume wangu zililetwa na jirani yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Alifika nyumbani kwetu, karibu na Shinyalu, jua likiwa utosini, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama vile vile mlangoni: "Kijana wenu amepasuliwa tumbo." Kidole tumbo kilikuwa kimepasukia ndani. Madaktari wamekitoa, lakini mgonjwa hajapata nafuu, na anaulizia watu wa kwao.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mume wangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi huko Uganda, nami nilibaki kwao nikifundisha watoto wadogo katika shule iliyokuwa ng'ambo ya mto. Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imeanza kuonekana hata nikijifunga leso mbili.

Mama mkwe alitaka kwenda yeye, lakini mguu wake ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Shemeji zangu wakubwa walikuwa mbali kazini. Jirani mwenyewe alikuwa amekuja kuzika, asingeweza kurudi Kampala mara moja. Mama mkwe akajikanda mguu, kisha akasema, "Utakwenda na mzee. Mgonjwa anataka mtu wa kumwogesha na kumlisha, na wewe huwezi kwenda nchi ya watu peke yako."

Niliitikia, lakini kwa hofu. Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mkono. Hawaketi kwenye kiti kimoja, hata mmoja akishaondoka. Na choo ndicho mwisho wa yote. Pale nyumbani vilikuwa viwili: cha mzee na wanawe nyuma ya migomba, na chetu wanawake chini kabisa, upande wa majani chai. Tangu niolewe sikuwahi kumwona akielekea kule, wala yeye hakuwahi kuniona nikielekea kwangu. Nikimsikia akikohoa kwenye kijia, nilikuwa nageuka na kujifanya natafuta kuni.

Usiku mama mkwe alinibanikia kuku, akamfunga kwenye jani la mgomba. Asubuhi alinivuta kando.

"Njiani usinywe maji," akaniambia. "Chai pia usinywe."

"Na nikiwa na kiu, mama?"

"Vumilia. Kampala si mbali." Yeye mwenyewe hakuwa amefika hata Bungoma.

Tulipanda basi mjini Kakamega, tukapita Malava, na kufika Bungoma kungoja treni. Baba mkwe alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia ya kijivu, fimbo mkononi. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Akitaka kuniambia jambo hakunitazama. Alilisema kwa hewa, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe. "Treni inakaribia," angesema, nami nikajua ninyanyue kikapu. "Watu wanaketi kule kwenye kivuli," nami nikaenda kuketi kivulini.

Sikuwa nimekunywa chochote, lakini mimba haijali kama umekunywa au hukunywa. Kabla treni haijafika tayari nilihitaji kwenda. Choo cha stesheni kilikuwa nyuma ya jengo, na mlango wake ulitazamana moja kwa moja na benchi alilokalia baba mkwe. Nilisimama, nikaketi. Nilisimama tena, nikaenda kusoma tangazo la bei za nauli lililobandikwa ukutani, nikalisoma mpaka nikalikariri. Baba mkwe naye aliinuka akawa akitembea hapa na pale, akipigapiga fimbo kwenye kokoto. Kila nilipodhani ameondoka, aligeuka na kurudi.

Treni ilipokuja ilikuwa ile ya mwendo wa pole, ya mizigo na abiria pamoja. Tuliingia daraja la tatu, kwenye viti vya mbao. Nilichagua kiti ambacho mgongo wangu ungemwelekea. Mwisho wa behewa kulikuwa na mlango mwembamba wa choo. Watu waliingia na kutoka, na kila ulipofunguliwa nilisikia kelele za magurudumu zikipanda, kisha zikazimwa. Baada ya muda mfupi nilisikia baba mkwe akiinuka nyuma yangu. Nilikaza macho dirishani. Nilisikia fimbo yake ikienda, lakini sikujua imeelekea upande gani, na sikuthubutu kugeuka. Aliporudi, nilijiambia: basi, choo kile kimeshakuwa chake. Siwezi kukiingia.

Sijui kama mwenzangu msomaji amewahi kusafiri hivyo. Kila kitu kilinichokoza. Mtikisiko wa treni ulinichokoza, maji ya mto tuliouvuka yalinichokoza, mtoto aliyekuwa akinywa chupa ya maziwa mbele yangu nilimwona adui. Nilihama kiti, nikarudi. Mama wa yule mtoto akaniuliza kama ni homa. Nikamwambia ndiyo.

Tulipovuka mpaka na kusimama Tororo, sikungoja tena. Nilishuka bila kusema neno, nikapita katikati ya wauza ndizi na mahamri, nikafuata harufu. Nyuma ya stesheni kulikuwa na milango mitatu. Juu ya kila mmoja kulikuwa na maandishi yaliyopakwa chokaa, lakini chokaa ilikuwa nyepesi na herufi bado zilionekana kwa chini. Zilisema nani aingie wapi kwa rangi yake. Zamani ningejua pa kuingia. Sasa tulikuwa huru, na sikujua. Nilisukuma ule uliokuwa karibu.

Ndani hakukuwa na shimo la kawaida. Kulikuwa na bakuli jeupe lililozikwa sakafuni, lenye pahali pa kuweka nyayo upande huu na huu, na juu ukutani tangi la chuma lililoning'iniza mnyororo. Sikuwa na wakati wa kushangaa. Nilipomaliza nilitafuta maji ya kumwagia, sikuona, nikauvuta ule mnyororo nione ni wa nini.

Ukuta mzima uliunguruma. Maji yalishuka kama yamevunja boma, yakajaa lile bakuli, yakapanda mpaka kwenye viatu vyangu na pindo la leso. Nilidhani nimeharibu kitu cha serikali ya watu. Nilitoka mbio, mlango ukagonga ukuta, na mwanamke aliyekuwa akingoja nje akaniangalia miguu na kuanza kucheka.

"Dada, hiyo kitu unavuta ukiwa mlangoni!" akasema kwa Kiswahili chake. "Unavuta, unaruka!"

Alinishika mkono, akanipeleka kwenye bomba nikanawa. Alikuwa akinieleza kwamba hata yeye siku ya kwanza alilowa, na hapo ndipo filimbi ilipolia.

Nilikimbia na tumbo langu. Treni ilikuwa inaanza kujivuta. Na pale kwenye mlango wa behewa letu nikamwona baba mkwe, mguu mmoja ndani ya treni, mwingine ukiburutwa kwenye jukwaa, fimbo ameinyoosha mbele ya gadi wa treni kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Ngoja kwanza!" alikuwa akipaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Ngoja! Mtu yangu iko huko!"

"Huko wapi, mzee?" gadi alifoka. "Treni haingoji mtu!"

"Huko!" akasema, na fimbo ikageuka ikaonyesha, mbele ya stesheni nzima, ile milango mitatu.

Treni ilipunguza mwendo. Sijui kama ni gadi aliyeamuru au ni dereva mwenyewe. Mikono ya abiria ilinivuta ndani. Nilipita karibu na baba mkwe nikiwa nimeinamisha kichwa, viatu vinatoa maji, nikaenda kuketi pahali pangu. Nilitamani treni ile ianguke, mimi peke yangu nife, wengine wapone.

Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Nje kulikuwa na mafunjo na mabwawa, kisha mashamba, kisha mafunjo tena. Mwishowe nikasikia sauti yake nyuma yangu, ya chini, ikielekezwa dirishani.

"Treni hii ina mabehewa mengi," alisema. "Mimi nikitaka kunyoosha miguu, huwa naenda behewa la mbele. Tangu asubuhi naenda la mbele. Hili la hapa sijui hata lina nini kule mwisho."

Halafu nikasema, nami nikiangalia nje, "Watu wa behewa hili wameshukuru."

Baada ya muda nikainuka, nikaenda kwenye ule mlango mwembamba. Choo cha treni kilikuwa tundu tu, na chini ya tundu niliona mataruma ya reli yakikimbia. Niliogopa kudondoka, nikashikilia chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Lakini nilirudi kitini mwepesi, nikafungua jani la mgomba, na kwa mara ya kwanza siku ile tukala, yeye kule kwake na mimi kwangu, kuku wa mama mkwe akapita katikati kwa mkono wa yule mama wa mtoto.

Kampala tulipokelewa na mwanafunzi mwenza wa mume wangu, mtu wa kwetu pia. Alimpa baba mkwe kitanda chake, na mimi akaniombea malazi kwa familia jirani. Asubuhi akatupeleka hospitali.

Mume wangu alikuwa amebaki macho na mifupa. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza chini ya bendeji, kuliko hata langu. Alitutambua, akajaribu kucheka, akashindwa. Muuguzi mkuu wa wadi, mama mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alikuja na kutusimamisha wawili kando ya kitanda.

"Nyinyi ndio watu wake? Vizuri. Sikilizeni. Utumbo wake umelala tangu apasuliwe. Asile kitu, asinywe kitu, msimpe hata kijiko. Tunangoja jambo moja tu." Akatutazama mmoja mmoja. "Tunangoja aende choo. Akienda choo, atapona. Asipokwenda, daktari atampasua tena."

Baba mkwe alitazama dari. Mimi nilitazama sakafu.

Tangu hapo, kila asubuhi na kila jioni, swali lilikuwa hilo. Daktari alipita, akaweka kipimo chake tumboni, akasikiliza, akauliza, "Amekwenda?" Muuguzi akajibu, "Bado." Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakaanza kuuliza kwa lugha zao, na mfagiaji akauliza. Wadi nzima ilingoja, na sisi wawili ambao tungepaswa kuuliza kuliko wote hatukuweza kulitamka neno hilo mbele ya mwenzetu. Baba mkwe angekuja mlangoni mwa wadi na kusema kwa hewa, "Sijui kama kuna habari." Ningejibu, "Hakuna habari, Baba." Naye angerudi uani, akatembea kutoka mti hadi ukuta, ukuta hadi mti, mpaka jamaa za wagonjwa wengine wakamwambia, "Mzee, utachimba barabara."

Mimi sikuweza kuketi pia. Niliosha vikombe visivyochafuka. Niligeuza mto. Niliulizia choo cha jamaa za wagonjwa, nikaonyeshwa kimoja tu, mwisho wa ujia, cha wote. Kilikuwa cha kukalia, kama kiti chenye shimo. Nilisimama nikikitazama, nikijiuliza watu wangapi wameketi hapo na wana ugonjwa gani. Mwishowe nilijisaidia nikiwa nimechuchumaa nusu hewani, nimeshikilia ukuta. Kutoka ikawa kazi nyingine. Mlango ulikuwa umelala kwenye bawaba zake na komeo likanasa. Nilivuta mpaka vidole vikauma. Yule muuguzi mkuu ndiye aliyenisikia. "Inua mlango kwanza!" aliniambia kutoka nje. "Unyanyue kwa kishikio, ndipo uvute komeo." Niliunyanyua, likafunguka.

Kesho yake, wakati daktari anapita na jamaa wote wametolewa kwenda uani, niliachwa nikisuuza bakuli kwenye bomba la ujiani. Nikasikia kugonga. Haikuwa kugonga kwa nguvu. Ilikuwa ngo, ngo, kisha kimya, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Niligeuka. Nje ya mlango wa kile choo, juu ya kizingiti cha dirisha, ilikuwa kofia ya kijivu, na fimbo imeegemezwa chini yake.

Nilifunga bomba. Nikatazama huku na huku. Mfagiaji alikuwa akipita, nikamwonyesha mlango kwa mkono, yeye akanionyesha ndoo yake na kuendelea na safari. Ujia ukabaki mtupu. Nikafikiria kuondoka nimwite mtu uani. Nilikwenda hatua chache, nikasikia tena ngo, ngo, na mara hii komeo likivutwa kwa hasira. Nikarudi.

"Nani yuko nje?" sauti iliuliza kwa Kiswahili. "Wewe uko nje, niitie mwanaume."

"Hakuna mwanamume hapa, Baba."

Nilisikia tone la maji likianguka mahali fulani.

"Ni wewe," akasema, sasa kwa lugha yetu.

"Ni mimi."

"Basi nenda."

"Nitakwenda, Baba. Lakini daktari bado anapita, hakuna mtu atakayekuja upesi." Nikausogelea mlango. "Uinue mlango kwanza. Kuna kishikio cha chuma. Unyanyue kama unanyanyua gunia, halafu uvute komeo."

Nikasikia akihangaika. Mlango ukapanda kidogo, ukashuka.

"Haukubali."

"Nyanyua zaidi. Ni mzito."

"Umejuaje wewe?"

"Jana ulinifunga mimi."

Nilisikia sauti ndani nikadhani anakohoa. Haikuwa kikohozi. Mzee alikuwa akicheka, taratibu, pumzi zikimtoka puani. Kisha mlango ukanyanyuka, komeo likalia, nami nikageuka haraka, nikafungua bomba, nikampa mgongo na kusuuza lile bakuli lililokwisha kutakata. Alitoka. Nilimsikia akichukua kofia, akichukua fimbo. Alisimama kidogo.

"Mlango huu ni mbaya," aliuambia ujia, akaenda zake.

Jioni mume wangu aliniuliza kwa sauti dhaifu, "Baba anasema umemfungulia mlango. Mlango gani?"

"Mlango tu," nikasema. "Huku milango inasumbua."

Siku zikapita bila habari. Daktari alikuwa ameanza kusema wazi kwamba hatangoja sana. Asubuhi ambayo walikuja kumnyoa upya tumbo, tayari kwa kisu, nilikuwa nimeketi kando yake, na ghafla akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Niitie muuguzi," alisema. "Haraka."

Nilipiga kelele. Wauguzi wawili walikuja na beseni la kitandani na pazia la magurudumu, wakanisukuma nje ya pazia. Nilisimama hapo nimekunja leso mkononi. Nilisikia mume wangu akilia kwa uchungu wa mshono, nikasikia na mengine. Wadi yote ilinyamaza. Kisha yule muuguzi mkuu akatoa kichwa nje ya pazia, uso unang'aa kama mtu aliyezalisha mapacha.

"Amekwenda!" alisema. "Nenda umwambie mzee!"

Nilikimbia ule ujia, nikatoka uani. Baba mkwe alikuwa amefika kwenye ukuta na alikuwa anageuka. Aliponiona ninakimbia, alisimama. Alidhani namletea msiba. Nikaona kwamba nikisema "kuna habari" tu, moyo wake unaweza kusimama kabla sijamaliza.

"Baba!" nikasema, nikimtazama usoni. "Amekwenda choo!"

Alivua kofia. Kisha akageuka kwa watu waliokuwa wameketi kwenye nyasi, wake kwa waume, watu wa makabila ambayo hatukuyajua, akawapungia ile kofia.

"Mwanangu amekwenda choo!" alitangaza kwa Kiswahili. "Jamani! Amekwenda choo!"

Walimwitikia kila mtu kwa lugha yake. Bibi mmoja alipiga kigelegele. Mzee mwingine, ambaye mkewe alikuwa wadi ile ile, aliinuka akamshika mikono yote miwili na kuitikisa.

Baada ya hapo mume wangu alianza na kijiko cha maji, kisha uji mwepesi, kisha akaketi. Alipoweza kutembea hadi mwisho wa ujia akiniegemea, baba mkwe alisema kwa hewa kwamba mahindi yanaharibika nyumbani. Tulimsindikiza stesheni mimi na yule mwanafunzi. Hakunipa mkono, na sikuutarajia. Alipanda, akachagua kiti cha dirishani, akaweka kofia magotini.

"Mgonjwa asiachwe peke yake," alisema, akitazama wapagazi.

"Hataachwa, Baba."

Treni ikaondoka naye. Niliingia ndani ya stesheni, nikamwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga choo kiko upande gani, nikaenda.